Kitanda Kilichoundwa ili Kifunguliwe

Mtu asiyepata kuhama nyumba katika mji wa kale wa pwani, kama Lamu au Unguja Mjini, huenda akadhani ya kuwa jambo zito katika shughuli hiyo ni makasha na masanduku, kwa maana humo ndimo zilimo nguo, vyombo na dhahabu. Lakini waliokulia katika nyumba za mawe, zenye milango isiyopitisha ila mtu mmoja na mzigo wake, na ngazi nyembamba zinazopinda baina ya kuta nene, wanajua ya kuwa kazi ya siku hiyo huanzia kitandani na huishia kitandani. Kitanda kikubwa cha pwani hakikuingia chumbani kikiwa kizima, wala kisingeweza kutoka kikiwa kizima, na seremala aliyekitengeneza alilijua jambo hilo kabla hajatia tezo yake katika mti. Kwa maoni yangu, katika samani zote walizotuachia wazee wetu hakuna iliyotiwa akili nyingi kuliko hii, ambayo tangu asili yake ilikusudiwa ipate kufunguliwa, kufungwa mizigo, kuchukuliwa kwa mabega au kwa chombo, na kusimamishwa tena mahali pengine pasipo kupungua kitu.

Sababu ya kwanza ilikuwa katika nyumba zenyewe. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, zile zilizojengwa katika karne ya 18, ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi inayozidi takriban mita 3 bila ya kulemewa na uzito wa mawe na chokaa vilivyo juu yake. Kitanda kiliwekwa mwisho wa chumba, kikaenea upana wake karibu wote, pazia likashushwa mbele yake, na mwenye kulala humo akawa katika sitara yake mwenyewe, ilhali wengine wa nyumbani wangali wakizungumza upande wa pili. Wala kitanda hakikuwa kitu cha haja tu, kilikuwa fahari. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga utenzi wa Al-Inkishafi na kuizingatia dola ya Pate iliyokwisha poromoka, hakusahau kuvitaja vitanda, na magodoro, na mito iliyotiwa nakshi ya uzi, miongoni mwa starehe ambazo matajiri wa mji ule walifarikiana nazo walipoingia kaburini.

Sasa natutazame jinsi kilivyoungwa, maana pasipo kuujua muungo wake hatutafahamu kufunguka kwake. Kitanda cha kamba, ambacho ndicho asili ya vingine vyote, kina matendegu manne, na mifumbati miwili ya ubavuni, na vitakizo viwili, kimoja upande wa mchago na kimoja upande wa miguuni. Mwisho wa kila mfumbati na wa kila kitakizo umechongwa ulimi, na kila tendegu limetobolewa tundu mbili za kupokea ndimi hizo. Na kwa kawaida hapana msumari wala gundi. Kinachoyashika yote pamoja ni kamba yenyewe aliyowambia mtu kitanda chake, ambayo kwa kuvutwa huku na huku, upande hata upande, huibana miti ile minne ndani ya matendegu, hata kadiri mtu anavyokilalia ndivyo kinavyozidi kujikaza. Kamba hiyo ilikuwa ama ya makumbi ya nazi, yaliyofukiwa matopeni pwani kwa miezi mingi, kisha yakafukuliwa na kupondwa na kusokotwa kwa mikono ya wanawake, ama ilikuwa mashupatu yaliyosukwa kwa miyaa, ambayo ni laini zaidi ubavuni na huwambwa kwa kupishanishwa, hata uso wa kitanda ukawa na mapambo kama ya mkeka.

Basi mwenye kuhama hakuanza na miti, alianza na kamba, na hapo ndipo alipojulikana mjuzi na asiye mjuzi. Asiye mjuzi, kwa haraka zake, alichukua kisu akakata, akapata miti yake kwa dakika moja, na kule alikokwenda akalala chini usiku wa kwanza, na wa pili, mpaka apate kamba nyingine na mtu wa kukiwamba. Mjuzi aliitafuta ncha, nayo kwa kawaida ilikuwa imefichwa chini ya mfumbati, karibu na tendegu la miguuni. Akailegeza, akaifumua safu baada ya safu kwa kinyume cha ilivyowambwa, huku mtoto akiikunja duara baada ya duara asije akaifunga mafundo. Kamba ilipokwisha kulegea, vitakizo vilichomoka kwa kugongwa kidogo na kipande cha mti kilichofungwa kitambaa, kisha mifumbati, na kitanda kilichokuwa kimechukua robo ya chumba kikawa miti minane iliyoegemezwa ukutani. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya kunguni pia, kwa sababu hakuna wakati mwingine ambapo tundu za matendegu huwa wazi: maji ya moto yalimiminwa humo, miti ikatolewa uani ikaanikwa juani, na kamba ikapigwa na kukung'utwa. Kuhamia nyumba mpya na kunguni wa nyumba ya zamani ilikuwa ni aibu iliyomwangukia mama wa nyumba, wala hakuna aliyekubali kuibeba.

Kilichopita kitanda cha kamba kwa hadhi ni samadari, kitanda cha nguzo, na kwa samadari ndipo tajiri alipojitambulisha. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, na ambaye baadaye, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, ameeleza vitanda vya majumba ya kwao: vimetoka Bara Hindi, vya mti wa thamani uliochorwa nakshi, vina nguzo nne na kitambaa cheupe chepesi kilichoshushwa pande zote, na ni virefu mno kwenda juu, hata mwenye kulala hupanda kwanza juu ya kiti, au hukanyaga mkono wa mtumishi. Ametaja vilevile kwamba nafasi iliyokuwa mvunguni haikupotea bure, kwani yaya wa watoto au muuguzi wa mgonjwa aliweza kutandika na kulala humo. Mwandishi huyu anatufaa kwa jambo hili kuliko wasafiri wengi wa Kizungu, ambao waliziona baraza na wasivione vyumba vya kulala.

Samadari za namna hiyo zilikuja kwa majahazi katika msimu wa kaskazi, na jahazi si mahali pa kupakia kitu chenye nguzo nne zilizosimama na uwazi katikati. Zililetwa zimefunguliwa: nguzo pamoja, mbao za ubavuni pamoja, taji la juu peke yake, na fundi wa hapa ndiye aliyezisimamisha. Baadaye mafundi wa Unguja nao walitengeneza zao, wakazitia mbao za kichwani zenye vipande vya kioo kilichopakwa rangi kwa nyuma, maua na ndege, vikimeremeta kila taa ilipowashwa. Kioo hicho ndicho kilichowatia watu hofu wakati wa kuhama. Kilitolewa kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kikalazwa baina ya mito miwili ya sufi, na mito ikafungwa ndani ya godoro, na godoro ndani ya jamvi. Na mzigo huo hakupewa hamali hata mmoja, ulichukuliwa na mtu wa nyumbani.

Lakini muradi wa kitanda hauishi katika useremala, maana kuhama kwenyewe kulikuwa na sababu, na mara nyingi sababu hiyo ilikuwa ni nikaha au kufunguka kwake. Katika Lamu, baba mwenye uwezo alimpa binti yake nyumba, au sehemu ya nyumba, na mume ndiye aliyehamia. Kwa hiyo kitanda cha bibi arusi kilisimamishwa kabla ya siku yake na wala hakikuondoka. Mahali pengine bibi arusi alikwenda kwa mume, na vyombo vyake vikapitishwa njiani mchana kweupe, watu wakivitazama na kuvipima kwa macho, miti ya kitanda ikitangulia mabegani mwa wachukuzi, magodoro na mito nyuma, ili kila mtaa ushuhudie kuwa mtoto huyu hakutolewa mikono mitupu. Kule kilikokwenda kilisimamishwa, kikatandikwa, kikapambwa kwa asumini na vilua, kikafukizwa udi, na kwa siku saba za fungate kikawa ndicho kitovu cha nyumba nzima.

Ushahidi huo wa njiani ulikuwa na faida ya pili, ambayo watu hawakuisema siku ya furaha. Kwa sharia ya Kiislamu mali ya mwanamke ni yake, haiwi ya mumewe kwa sababu ya ndoa. Na ikitokea talaka, alichokuja nacho huondoka nacho. Basi kitanda kilichoonwa na mtaa mzima kikiingia, hapana mtu aliyeweza kukizuia kisitoke. Ndipo tunapofahamu kwa nini wazee walitaka kitanda cha binti kiwe cha kufunguka kwa urahisi, na kwa nini mama alimfundisha mwanawe, pamoja na kupika na kutandika, jinsi ya kuiona ncha ya kamba. Mwanamke aliyeweza kukifungua kitanda chake mwenyewe hakuhitaji kumwomba seremala, wala kumngojea ndugu wa kiume. Mjane naye alikuwa na hukumu yake: hakutoka katika nyumba ya marehemu mpaka eda yake itimie, miezi 4 na siku 10, na kwa muda huo wote kitanda chake kilibaki pale pale, hata kama warithi walikuwa wamekwisha gawana kila kitu kingine. Naiona adabu hii kuwa miongoni mwa adabu bora za pwani, na inasikitisha kuona siku hizi warithi wakija na gari kabla tanga halijaondoka.

Kitanda cha kamba kilikuwa na kazi nyingine ambayo samadari haikuiweza. Maiti alilazwa juu yake akaoshwa, maji yakapita baina ya kamba yakaingia katika mfuo uliochimbwa chini. Na mgonjwa wa mbali alichukuliwa juu yake kwenda kwa mganga. Hata bara, penye misafara, watu walifunga kitanda cha miti ya porini kwa kumchukulia mtu asiyejiweza, kama Susi na Chuma walivyomfanyia bwana wao, Dokta Livingstone, katika siku zake za mwisho kabla hajafariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873.

Wenye kuichukua mizigo hii mijini walikuwa mahamali, na katika Mombasa na Unguja wengi wao walikuwa Washihiri, waliotoka Hadhramaut. Walichukua kwa mti mmoja mrefu uliopita mabegani mwa watu wawili, na kitu kizito kikining'inia katikati. Baadaye wakawa na magari yao ya magurudumu mawili, ya kusukumwa na kuvutwa. Kazi yao ilitaka hesabu. Katika vichochoro vya Lamu, ambamo punda wawili wenye shehena hupishana kwa taabu, mfumbati wenye urefu wa mtu haupindi kona ila kwa kusimamishwa wima kwanza, na anayetangulia ni sharti ajue kona hiyo iko wapi kabla hajaifikia.

Vitanda vya chuma vilipokuja kutoka Uingereza, ambako mji wa Birmingham ulikuwa mashuhuri kwa kuvitengeneza katika karne ya 19, watu wa pwani hawakuona ugeni mkubwa, kwa kuwa navyo vilifunguka: chuma cha ubavuni huingia kwa juu katika shimo lililochongoka la mguu, na hutoka kwa kugongwa kutoka chini kwenda juu. Kilichopotea ni kamba, na pamoja na kamba ukapotea ule ujuzi wa kuwamba, maana wavu wa chuma haulegei kwa namna ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuukaza mwenyewe. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, yalipojengwa majumba ya ghorofa ya Michenzani, waliohamia humo kutoka nyumba za udongo za Ng'ambo walilazimika kupandisha vitanda vyao ngazi baada ya ngazi, navyo vya kamba na vya chuma vilipanda bila ya mashaka.

Leo anayehama Dar es Salaam hupakia katika kirikuu, gari dogo la mizigo, kitanda alichokinunua kwa maseremala wa Keko, kimefungwa kwa boliti au kwa vyuma vya kuchomekea, na si kibaya, mbao zake ni ngumu na kazi yake ni ya halali. Ila vingi hutoboka na kulegea tundu zake baada ya kufunguliwa mara mbili tatu, kwa kuwa skrubu hula mbao kila inapotolewa, na ulimi hauli.

Samadari za kale, kwa upande wao, zimekuwa bidhaa. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, wageni walizidi, na hoteli zikataka vitanda vyenye sura ya zamani. Na wauzaji, kwa kuwa kitanda cha namna hiyo hufunguka, waliweza kuchukua nguzo za kimoja na mifumbati ya kingine wakaunda cha tatu. Anayetaka kukijua kilicho kizima asidanganywe na rangi wala na nakshi. Akifungue. Mafundi waangalifu walikata alama kwa patasi juu ya kila ulimi na pembeni mwa tundu yake, mkato mmoja kwa mmoja, miwili kwa miwili, mitatu kwa mitatu, minne kwa minne, ili atakayekisimamisha, hata akiwa hajawahi kukiona, asikosee pembe. Na mahali ambapo ulimi wenye mikato mitatu umeingia katika tundu yenye mkato mmoja, hapo nyumba mbili zimeuzwa kwa bei ya kitanda kimoja.