Mlenda na Kakao Ndani ya Familia Moja

Anayetaka kuisoma familia ya bamia katika Flora of Tropical East Africa, mfululizo ulioanza kuchapishwa 1952 na kukamilika 2012, hana budi kufungua vitabu vinne. Mbuyu na msufi imo katika kitabu cha Bombacaceae cha 1989. Mlenda na mkole imo katika kile cha Tiliaceae cha 2001, na msikundazi unaoota kando ya mikoko umo katika cha Sterculiaceae cha 2007. Bamia, pamba na choya vinasubiri hadi 2009, katika kitabu cha Malvaceae kilichoandikwa na Bernard Verdcourt na Geoffrey Mwachala wa Nairobi. Kwa maelezo ya spishi, kazi hiyo haina mfano katika eneo hili. Tatizo ni kwamba vitabu vitatu vya mwisho vilitoka wakati mipaka hiyo minne imeshavunjwa.

Waliovunja walikuwa na ushahidi. Mwaka 1997 Walter Judd na Steven Manchester walipitia upya maumbile ya mimea hii na kuona kwamba familia hizo nne haziwezi kutenganishwa kwa haki. Mwaka 1999 makundi mawili ya watafiti, moja la William Alverson na jingine la Clemens Bayer, yalisoma jeni za kloroplasti na kufikia jibu linalofanana. Mlenda, uliokuwa umewekwa pamoja na mti wa Ulaya uitwao Tilia, uko karibu zaidi na kakao. Kakao nayo, iliyohesabiwa ndugu wa kola, iko karibu zaidi na mlenda kuliko na kola hiyo. Doriani, tunda linalofahamika vizuri Zanzibar, lilikaa miaka mingi upande wa mbuyu, kumbe ukoo wake uko kwingine kabisa. Mfumo wa APG wa kuainisha mimea itoayo maua, uliotoka 1998, ulikuwa tayari umeziunganisha familia zote nne kuwa Malvaceae moja, yenye spishi zaidi ya 4,000 ambazo leo hugawanywa katika familia ndogo tisa.

Si kila mtaalamu aliyekubali. Martin Cheek, mmoja wa waandishi wa kile kitabu cha Sterculiaceae, alipendekeza mwaka huohuo wa 2007 kwamba badala ya kuunganisha, mimea hii igawanywe katika familia kumi. Hoja yake ina uzito. Familia kumi nazo zinaheshimu nasaba, na baadhi yake hutambulika kwa urahisi zaidi: bamia, pamba na choya, kwa mfano, hujulikana mara moja kwa stameni zilizoungana na kuwa bomba linalozunguka stili ya ua. Nani atamshawishi mwanafunzi kwamba mbuyu wenye karne nyingi na mlenda unaochumwa baada ya wiki chache ni wa familia moja?

Jibu limo ndani ya ua la pamba. Ua hilo hufunguka asubuhi likiwa na rangi ya malai, na kesho yake hugeuka waridi kabla ya kudondoka. Ukibandua petali na kufunua kikombe cha sepali, utakuta chini kabisa, upande wa ndani, ukanda mwembamba wa vinyweleo vifupi vyenye seli nyingi, vimesongamana kama zulia. Hapo ndipo mbochi hutoka. Mimea mingi itoayo maua huwa na tezi za mbochi karibu na ovari au kwenye kitako chake. Malvaceae kwa kawaida huziweka kwenye sepali. Ua la mbuyu, linaloning'inia na kufunguka jua linapozama ili popo walifikie, lina zulia hilohilo kwenye kikombe chake. Stefan Vogel alilifuatilia umbile hili katika familia nzima na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Ni alama moja, inaonekana kwa lenzi ya mkononi, na inavuka mipaka ya familia za Cheek.

Alama nyingine hudanganya. Nyuzi za pamba na za sufi zinafanana mkononi, lakini kila uzi wa pamba ni seli moja iliyorefuka kutoka kwenye ganda la mbegu, ilhali sufi huota kwenye ukuta wa ndani wa tunda. Anayezitumia nyuzi hizo kuthibitisha undugu wa mimea hii miwili amepata jibu sahihi kwa njia isiyo sahihi.

Faida ya familia moja inaonekana zaidi shambani. Kangambili, mdudu mwekundu anayeharibu pamba, hufyonza pia mbegu za mbuyu, msufi na jamaa zao. Mfano mzito zaidi unatoka Ghana, ambako ugonjwa wa kuvimba kwa machipukizi ya kakao uligunduliwa 1936. Kakao ni mgeni kutoka Amerika, lakini virusi vyenyewe havikuja nayo. A. F. Posnette na wenzake walionyesha mwaka 1950 kwamba vinaishi katika miti ya kienyeji, ukiwamo msufi, mbuyu na jamaa za kola, na kwamba vidung'ata hufyonza utomvu wa miti hiyo na kuvipeleka kwenye kakao. Mamilioni ya mikakao yaling'olewa kuzuia maambukizi. Miti iliyovihifadhi ilitapakaa katika familia zaidi ya moja ya zamani, lakini yote iko ndani ya Malvaceae moja. Mtafiti wa wakati huo alilazimika kukusanya orodha yake kutoka kabati mbalimbali za hebaria. Wa leo angeanza na kabati moja.

Hapa ndipo mgawanyo wa familia kumi unapopungukiwa. Unahifadhi nasaba, lakini unaificha kwa anayeitumia. Kyela, ambako kakao ni zao kubwa la biashara, mashamba huweza kupakana na mimea ya asili ya familia hii. Afisa wa afya ya mimea anayepanga kuchukua sampuli za majani ili kutafuta virusi kama hivyo anahitaji kujua kwamba mkole ulioota mpakani mwa shamba unastahili kupimwa kabla ya mwembe ulio katikati yake, kwa kuwa mkole ni wa tawi moja na mlenda, lile lililo karibu kuliko yote na kakao. Hebaria za Dar es Salaam na Nairobi zinaweza kumrahisishia kazi kwa kupanga upya vielelezo vyao chini ya Malvaceae, kila familia ndogo na rafu yake, huku jina la zamani likibaki kwenye lebo kwa ajili ya wanaosoma vile vitabu vinne.