Haraka ya muuzaji, neema ya mnunuzi

Wadau, dalali akininong'oneza kwamba mwenye nyumba "ana shida ya haraka", mimi huikumbuka Bainbridge Island, Marekani. Tarehe 24 Machi 1942, vita na Japani ikiwa imepamba moto, jeshi liliwaamuru wakazi wenye asili ya Japani waondoke kisiwani ifikapo tarehe 30. Siku sita! Pwani nzima ya magharibi, waliohamishwa walizidi 110,000. Wanunuzi wakakaa kusubiri. Nyumba, magari, hata friji zikaenda kwa bei ya kutupa. Baadhi ya wakulima wa stroberi kisiwani hawakuuza, waliwaachia vibarua wao Wafilipino wawatunzie mashamba. Mwaka 1988 serikali iliomba radhi, ikaahidi dola 20,000 kwa kila aliyekuwa bado hai. Bei ya nyumba haiko kwenye tofali jamani, iko kwa anayeweza kusubiri. Mnasemaje?