Sheikh Ali Amini wa Beni na kazi ya kuwarudisha waliopotelea porini

Siku ya posho, tarehe 1 mwezi wa tano 2021, ndani ya Ramadhani, Sheikh Ali Amini Uthman alipigwa risasi akiwa katika sala ya usiku, ndani ya msikiti mkuu wa Beni. Akafa. Alikuwa mwakilishi wa Waislamu wa mji ule, na msimamo wake ulijulikana na kila mtu: alikuwa anasema wazi ya kwamba mauaji ya ADF hayana nafasi katika Uislamu. Siku moja kabla, Kinshasa ilikuwa imetangaza utawala wa kijeshi, ile état de siège, kwa Kivu Kaskazini na Ituri. Na mwezi haukuisha: Sheikh Moussa Djamali, naye mpinzani wa ADF, akauawa Mavivi, karibu na Beni, baada ya sala ya jioni.

Wasikilizaji wengi walituuliza swali moja wakati ule, na bado linarudi: kama ADF wanajiita Waislamu, juu ya nini wanaua masheikh?

Tuanze na wenyewe. ADF ilizaliwa Uganda mwaka wa 1995, ikiongozwa na Jamil Mukulu, mtu aliyezaliwa mkristo na kusilimu baadaye. Ilijiunga na kikundi kingine kilichoitwa NALU na kuingia upande wetu kwenye milima ya Ruwenzori. Kwa miaka mingi watu wa Beni waliishi nao jirani, wengine wakafanya nao biashara, wengine wakaoa na kuolewa. Mambo yaliharibika sana mwaka wa 2014: jeshi letu lilianzisha operesheni Sukola 1 mwezi wa kwanza, na kuanzia mwezi wa kumi watu wakaanza kuchinjwa vijijini usiku. Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka wa 2015. Aliyechukua nafasi yake, Musa Baluku, aliliunganisha kundi na Dola la Kiislamu, ambalo mwezi wa nne 2019 lilidai kwa mara ya kwanza shambulio katika nchi yetu, huko Kamango.

Sasa, kundi la namna hii linahitaji watu wapya kila wakati. Wengine linawateka mashambani. Wengine linawavuta kwa uongo: kazi ya mshahara mzuri, nafasi ya kusoma dini bure, mke, dukani mahali fulani. Wamepatikana ndani yake watu kutoka Uganda, Tanzania, Burundi, Kenya na kwetu. Wakifika porini wanaambiwa kwamba waliobaki mjini si Waislamu tena, kwa sababu wanakubali serikali na wanaishi na wakristo. Uongo huu mwanajeshi hawezi kuuvunja. Padri hawezi, na mwandishi wa habari kama mimi hawezi. Anayeweza ni mtu aliyesoma kitabu kilekile, anayejua Kiarabu chake, na ambaye kijana anamtambua kuwa ni mwalimu. Ndiyo maana sheikh anawaudhi kuliko kolonel.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko ADF. Mwaka wa 657, baada ya vita vya Siffin, watu maelfu walijitenga na jeshi la khalifa Ali bin Abi Talib. Wanaitwa Makhawariji. Walisema Ali ameritadi kwa sababu amekubali wanadamu wawe waamuzi kati yake na adui yake Muawiya, wakati hukumu ni ya Mungu peke yake. Abdullah bin Abbas, binamu wa Mtume, akaenda kwao Harura bila silaha. Masimulizi yanasema alivaa nguo nzuri ya Yemen, na kitu cha kwanza walichomlaumu ni hiyo nguo. (Watu wenye msimamo mkali hawajabadilika sana.) Hakuwatukana. Aliwaomba wataje malalamiko yao, wakataja matatu, akayajibu moja baada ya lingine. Juu ya lile la waamuzi aliwaonyesha kwamba Kurani yenyewe inaagiza waamuzi wanadamu pale mume na mke wanapogombana, na tena kwa mtu aliyeua mnyama akiwa katika ihram ya hija. Kama wanadamu wanaamua juu ya swala na juu ya ndoa, vipi isiwe juu ya damu ya watu? Maelfu waliacha kundi siku ile na kurudi.

Waliobaki walipigana na kushindwa Nahrawan mwaka wa 658. Na mmoja wa watu wa mrengo huo, Ibn Muljam, ndiye aliyempiga Ali upanga ndani ya msikiti wa Kufa mwaka wa 661. Ilikuwa pia mwezi wa Ramadhani. Mwislamu wa Beni aliyesikia habari ya Sheikh Ali Amini hakuhitaji kuelezwa kinachofanana.

Mfano wa Ibn Abbas ndio masheikh wa leo wanaufuata wanapoingia gerezani. Yemen, mwaka wa 2002, jaji Hamoud al-Hitar alikaa na wafungwa waliokuwa na mawazo ya Al-Qaida akawawekea sharti la haki: mkinishinda kwa hoja nitawafuata, nikiwashinda mtaacha silaha. Zaidi ya watu 300 waliachiwa. Lakini kazi ile ilikuwa na kasoro ambayo sisi Wakongomani tunapaswa kuiangalia vizuri. Mazungumzo yalikuwa mazuri, na nyuma yake hapakuwa na kitu kikubwa. Mtu alitoka bila kazi, bila wa kumfuatilia, na baadhi wakaonekana tena vitani Iraki. Mauritania ilijifunza. Mwaka wa 2010 Sheikh Mohamed el-Hassan Ould Dedew, ambaye mwenyewe aliwahi kufungwa na serikali, alizungumza na wafungwa karibu 70 katika gereza la Nouakchott. Wengi walikubali kuacha, na waliotoka wakasaidiwa kuanza biashara ndogo. Kumbuka hiyo ya kufungwa: wafungwa hawakuweza kumwambia kwamba ametumwa na serikali.

Aya ambayo masheikh wanaitumia sana katika kazi hii iko katika sura ya tano. Aya ya 33 inatoa adhabu kali sana kwa wanaofanya vita na kuharibu nchi. Wenye msimamo mkali wanaishia hapo. Aya ya 34, inayofuata mara moja, inawatoa wale waliotubu kabla ya kukamatwa. Tofauti ya aya hizo mbili ndiyo tofauti ya kijana anayejua kuna mlango wa kurudia na kijana anayeamini kwamba akirudi ni kifo tu.

Na kwetu, mlango uko wapi?

Uganda walitunga sheria ya msamaha mwaka wa 2000, na zaidi ya watu 26,000 wa makundi mbalimbali wameitumia, wapiganaji wa ADF wakiwemo. Kwetu kuna P-DDRCS, programu ya kunyang'anya silaha na kurudisha watu katika maisha ya raia, iliyoundwa mwezi wa saba 2021. Inasema mpiganaji arudishwe katika jamii yake, na haitoi msamaha wa jumla kwa waliofanya makosa makubwa ya vita. Ni sawa, hakuna mama wa Beni anayeweza kuambiwa asahau. Lakini programu ile ilifikiriwa zaidi kwa makundi yetu ya kienyeji, ya watu wenye kijiji na chifu anayejulikana. Mtu wa ADF ni shida nyingine. Kijiji chake ndicho labda kilichochomwa na wenzake.

Kwa sasa anayekamatwa anapelekwa gerezani na mbele ya korti ya kijeshi. Magereza yenyewe tunayajua. Kangbayi ya Beni ilivunjwa mwezi wa sita 2017, wakatoroka zaidi ya watu 900. Ikavunjwa tena tarehe 20 mwezi wa kumi 2020, wakatoroka zaidi ya 1,300. Kakwangura ya Butembo ikafuata mwezi wa nane 2022, zaidi ya 800. Ndani ya gereza lililojaa namna hiyo, aliyeiba mbuzi analala na aliyetoka porini, na anayefundisha usiku ni yule mwenye maneno mengi. Kama hakuna sheikh anayeingia, shule ya mle ndani inafundishwa na upande mmoja peke yake.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kifo cha Sheikh Ali Amini kilituacha. Sehemu ya kwanza ya kazi, ile ya kusema hadharani, masheikh waliifanya na wakailipa kwa damu. Mombasa ilikuwa vilevile: Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri wa Kenya, alipigwa risasi mwezi wa sita 2014 akienda kusali, baada ya vijana kumtoa kwa nguvu katika uongozi wa msikiti wa Sakina. Sehemu ya pili, ya kukaa na anayerudi miezi na miaka, ni serikali na jamii yote zinapaswa kuibeba. Sheikh hana nyumba ya kumlaza, hana cherehani ya kumpa, hana askari wa kumlinda yeye mwenyewe.

Hapa Maniema mtu anaweza kusema Beni ni mbali. Mwezi wa kwanza 2022, Benjamin Kisokeranio, mmoja wa wakubwa wa ADF, alikamatwa upande wa Uvira, Kivu Kusini. Ni jirani zetu. Na jimbo letu ndilo lenye Waislamu wengi kuliko mengine katika nchi, tangu misafara ya watu wa pwani ilipofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19. Kwa miaka mingi jamaa moja inakuwa na mwislamu, mkatoliki na mmetodisti, na msiba ukitokea wote wanapika sufuria moja. Hapa Tunda, penye hospitali ya Wametodisti, hakuna anayeuliza dini mlangoni.

Hata hivyo, niliona mwaka jana kwenye bandari ya Kindu kijana mwenye kanzu anashuka kwenye mtumbwi, na watoto wanamwita "ADF, ADF!" Wakubwa wakacheka. Yeye hakucheka, alishika mfuko wake akapita. Utani wa namna hiyo ni msaada wa bure kwa anayewaambia vijana kwamba wao si watu wa nchi hii.

Mzazi ambaye mtoto wake ameahidiwa masomo ya dini au kazi mbali, aulize mapema: mwalimu ni nani, msikiti gani, nani mwingine aliyekwenda na kurudi. Ofisi ya COMICO, jumuiya ya Waislamu inayotambuliwa na serikali tangu 1972, inaweza kuulizwa kama mwalimu huyo anajulikana. Safari ambayo mtoto anakatazwa kumwambia imamu wake ni ya kusimamishwa.

Na kwa wale wanaorudi wakiwa wadogo, sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwezi wa kwanza 2009 inakataza mtu yeyote kuingiza mtoto katika jeshi au kundi la silaha. Mtoto wa chini ya miaka 18 aliyetoka huko ni mtu aliyekosewa kwanza, hata kama alibeba panga. Akitokea kijijini, asipigwe, na asipelekwe kwa askari peke yake: chifu awepo, mtu wa huduma za jamii awepo, na kama ni mwislamu, imamu wa pale awepo pia, ili sauti ya kwanza ya dini anayoisikia akitoka porini iwe ya mtu wa nyumbani.