Sayari ya Mwamba na Sayari Mithili ya Dunia

Habari zinapotangaza kugunduliwa kwa "sayari inayofanana na Dunia", msomaji hupata picha ya bahari, mawingu na pengine mimea. Kilichopimwa ni kidogo mno. Sayari ilipita mbele ya nyota yake, mwanga ukafifia, na kiasi cha kufifia kikatoa kipenyo. Masi ikijulikana pia, densiti hupatikana, nayo huonyesha kama ni mwamba au gesi. Istilahi inayolingana na vipimo hivyo ni "sayari ya mwamba". "Mithili ya Dunia" isubiri mpaka angahewa ijulikane. Tunaye shahidi jirani, Zuhura. Kipenyo chake ni asilimia 95 ya kile cha Dunia, masi yake asilimia 81, na kwa mizani hiyo angeitwa pacha wetu. Lakini joto juu ya uso wake hufikia nyuzi 460 hivi za Selsiasi, la kuyeyusha risasi, chini ya hewa nzito yenye kanieneo mara 90 ya ile tunayoivuta. Huko mbali, katika nyota TRAPPIST-1, iliyotangazwa mwaka 2017 kuwa na sayari saba, darubini ya James Webb ilipima upande wa mchana wa sayari b, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2023 yakaonyesha nyuzi 230 hivi. Ndilo joto linalotarajiwa kwa mwamba mtupu, usio na hewa ya kulipeleka upande wa usiku.

Wapo watakaosema kwamba wataalamu humaanisha ukubwa na muundo tu, na kila fani ina haki ya kubana maana ya maneno yake. Sawa, lakini istilahi ya Kiswahili inamfikia pia mwanafunzi wa sekondari na msikilizaji wa redio, na kwao kufanana ni kufanana kwa hali. Tena "yenye ukubwa wa Dunia" ipo, wala haimpotoshi mtu. Hoja nzito zaidi ni ya ukanda unaokalika: sayari e ya nyota hiyohiyo iko mahali ambapo maji yangeweza kuwa kimiminika. Yangeweza, ndiyo, iwapo kuna angahewa ya kufaa, kwa maana mipaka ya ukanda huo hukokotolewa kwa kudhani kwamba angahewa hiyo ipo tayari. Nayo e huizunguka nyota yake kwa siku 6 tu, karibu kiasi kwamba huenda upande mmoja huielekea daima, na nyota vibete nyekundu kama TRAPPIST-1 hufoka milipuko inayoweza kupukutisha hewa. Kwa hiyo kitabu cha shule kiiandike e kuwa sayari ya mwamba iliyomo katika ukanda unaokalika, na kieleze kwamba angahewa yake bado inatafutwa.