Mapovu katika Anga la Juu

Mwaka wa 1901 Marconi alitangaza kwamba amepokea Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, ishara za redio zilizotoka Uingereza. Wenye elimu wakashangaa: mawimbi yaendayo moja kwa moja yamevukaje mgongo wa dunia? Mwaka wa 1924 Appleton na Barnett walithibitisha kwamba huko juu mna tabaka la hewa iliyotiwa umeme na jua, ndiyo iyonosfera, lirudishalo mawimbi chini kama kioo.

Lakini tusidhani kioo hicho ni laini. Mwaka wa 1938 Booker na Wells walichunguza vipimo vya Huancayo, nchini Peru, wakaona mwangwi wa usiku umetawanyika ovyo. Mwaka wa 1976 Woodman na La Hoz, kwa radari ya Jicamarca karibu na Lima, walionyesha sababu: jua likiisha kuchwa, mapovu yenye chembe chache za umeme hupanda kutoka chini, kama mafuta yapandavyo majini.

Mapovu hayo hutokea katika ukanda wa ikweta, nayo Kongo yetu imo; husumbua hata ishara za satelaiti ziongozazo ndege. Kama Booker na Wells wangalizitupa alama zilizovurugika, tungalikosa mlango wa elimu hii.