Filta Mpya Pia Hukaguliwa, Tena Kabla Haijafungwa

Wanangu, leo siongei siasa wala mpira. Naongea filta ya oili. Najua kidole kishaanza kupitisha, lakini ngoja kwanza.

Mjomba wangu alikua na Probox ikipiga ruti ya Ukunda na Msambweni, siku zingine mpaka Lunga Lunga. Ile Probox ndiyo ilikua karo yangu ya chuo. Akabadilisha oili na filta, mpya kabisa, imetolewa kwenye boksi mbele yake. Wiki tatu baadaye taa nyekundu ya oili ikawaka, injini ikagonga, ikanoki. Semista iliyofuata sikurudi. Mnaoniulizaga kwa nini niliacha chuo, jibu ndilo hilo.

Fundi akaikata ile filta kwa msumeno wa chuma. Karatasi ya ndani ilikua imebanduka kwenye gundi yake, imekunjamana kama gazeti lililofungiwa mahamri. Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoua injini, maana gari lenyewe lilikua limetembea sana. Ila toka siku ile nikaanza kufuatilia historia ya hili kopo.

Kumbe gari za mwanzo hazikua nalo kabisa. Ford Model T, iliyoanza kuundwa 1908, haikua na filta ya oili. Uchafu ulizunguka humo humo, ukachoka nao ukamwaga oili. Mwaka wa 1923 Mmarekani Ernest Sweetland akaleta filta aliyoiita Purolator, jina lililotokana na maneno ya Kiingereza ya "oili safi baadaye". Mwaka uliofuata Chrysler wakaiweka kwenye gari yao.

Sasa sikia hapa, ndipo utamu ulipo. Kwa miaka mingi filta nyingi zilikua ni bakuli la chuma lenye bolti ndefu katikati. Land Rover za zamani zilikua hivyo, na trekta za Massey Ferguson pia. Fundi alifungua bakuli, akatoa karatasi chafu, akalisafisha kwa petroli, akaweka karatasi mpya. Kila kitu alikiona kwa macho yake. Kuna mzee mmoja Msambweni aliyekua akitengeneza trekta za kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla hakijafungwa 1988. Ananiambia walikua wakiipitisha ile karatasi kwenye mwanga wa jua, mkunjo kwa mkunjo, ndipo waifunge. Hakuna aliyewaona washamba. Ndiyo ilikua kazi.

Halafu 1954 kampuni ya WIX ikatoa filta ya kuzungusha, kopo zima lililozibwa. Unaifungua ya zamani, unazungusha mpya, dakika mbili umemaliza. Rahisi, safi, na mimi siidharau. Lakini kopo lilipozibwa, fundi alinyang'anywa macho. Akabaki kuamini rangi na boksi. Na rangi, bana, mtu yeyote anaweza kuchapisha. Kenya tuna sheria ya kupambana na bidhaa feki toka 2008, lakini sheria haiko gareji saa moja asubuhi wakati abiria wanakungoja stejini.

Basi yale macho tuyarudishe. Usikubali filta ifunguliwe boksi ukiwa umeenda kunywa chai. Linganisha namba yake na ya gari lako. Ikiwa na bonde, rudisha. Pitisha kidole kwenye ringi ya mpira: iwe laini, imekaa sawa, haina ufa. Washa tochi ya simu umulike tundu la katikati na vile vitundu vya pembeni. Ukiona unyoya wa chuma, vumbi, gundi iliyomwagika au mkunjo uliolala, hiyo si yako. Itikise karibu na sikio. Kitu kikicheza ndani, rudisha.

Halafu angalia kwenye injini pia, maana ringi ya filta ya zamani hupenda kubaki imeng'ang'ania pale. Ukifunga mpya juu yake, ringi mbili hazishikani na oili yote itaishia barabarani. Paka ringi mpya oili kidogo, zungusha kwa mkono. Ikikataa nyuzi, usiilazimishe.

Cha kuchekesha, injini kadhaa za Toyota za miaka ya karibuni zimerudi kwenye karatasi ndani ya bakuli, kama zile trekta za Ramisi. Yule mzee nilipomwonyesha alicheka mpaka akakohoa.

Mjomba saa hii anaendesha tuktuk ya mtu pale Ukunda. Juzi nilimsindikiza rafiki kununua filta, nikamulika ndani, nikaona kiunyoya cha chuma kwenye nyuzi. Muuzaji akaniuliza, "Kwani wewe ni fundi?" Nikamwambia la. Akanitazama kidogo, akaingia nyuma, akaniletea nyingine. Nikaimulika hiyo pia.