Mshairi, Dengu na Swali la Shangazi

Kila harusi ya ukoo wetu huwa nabeba zawadi na uongo mmoja. Sinia la pilau likitua mkekani, mimi naomba wali mweupe na maharage. Shangazi ananitazama: "Mwanangu, unaumwa?" Nami najibu, "Daktari kanikataza nyama, shangazi." Basi, yanaisha. Ananipa pole, wenzangu wanaendelea kula.

Hakuna daktari. Niliacha nyama kwa hiari yangu, mwaka wa sita huu. Mara ya kwanza nilisema kweli, mjomba akanitupia methali: mchagua nazi hupata koroma. Wote wakacheka, ila shangazi alinyamaza, kama mtu aliyetukanwa jikoni kwake. Tangu siku hiyo daktari wangu wa kubuni hajakosa harusi.

Nilidhani uoga huu ni wangu peke yangu, mpaka nilipokutana na Abu al-Ala al-Maarri.

Huyu alizaliwa mwaka 973 katika mji wa Maarrat al-Numan, Siria. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto mdogo. Akawa mmoja wa washairi wakubwa wa Kiarabu, akaenda Baghdad, kisha akarudi kwao na kujifungia ndani. Alijiita mfungwa wa magereza mawili: upofu na nyumba. Na aliacha nyama. Si nyama tu, jamani. Samaki, mayai, maziwa, hata asali, kwa hoja kwamba nyuki hawakuikusanya kwa ajili yetu. Haya aliyaweka wazi katika mashairi yake ya Luzumiyyat.

Sasa, watu wangemwachaje? Uzeeni alipata barua kutoka kwa al-Muayyad al-Shirazi, mlinganiaji wa dola la Wafatimi. Ilikuwa ya heshima, lakini ukiifunua ndani ni swali lile lile la shangazi: kwa nini huli? Mungu kawaumba wanyama kwa manufaa yetu. Je, wewe una huruma kuliko aliyewaumba?

Hapo ndipo penye ubishi wote wa meza zetu. Anayekataa chakula amekataa kwa mdomo wake mwenyewe, ila anayemtazama husikia hukumu juu ya mdomo wa kwake.

Maarri akajibu. Kwanza alieleza kwamba wanyama husikia maumivu, na kwamba kumhurumia kiumbe si dhambi. Kisha akaongeza sababu ya pili: kipato chake ni dinari 20 na kitu kwa mwaka, na mtumishi wake huchukua sehemu yake humo humo. Kinachobaki kinatosha maharage na dengu tu.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Huyu naye ana daktari wake! Msafiri wa Kiajemi, Nasir Khusraw, alipita mjini hapo mwaka 1047 akaandika kwamba yule kipofu ni tajiri na ndiye mkubwa wa mji, ila kajichagulia vazi duni na mkate wa shayiri. Ufukara unaeleweka na kila mtu, kama ugonjwa. Hiari ndiyo inayoudhi.

Lakini kisingizio kina mtego wake. Al-Muayyad aliushika ule ufukara palepale: kama tatizo ni fedha, basi atamwombea mtawala ampatie riziki nzuri. Mzee akakataa. Hakutaka kuongezewa chochote. Kwa kukataa huko, ile sababu ya pili ikaporomoka yenyewe, ikabaki ya kwanza, imesimama peke yake.

Alifariki mwaka 1057 na watu hawakumaliza kumgombania. Mwaka 2013, katika vita vya Siria, wapiganaji waliikata kichwa sanamu yake mjini kwao. Alishukiwa ukafiri kwa mengi zaidi ya dengu, ni kweli. Ila mtu asiyekula na wenzake huanza kushukiwa mapema, pale pale kwenye sinia.

Mwezi ujao tuna harusi nyingine. Shangazi kazeeka, na juzi kanipigia simu kusema kamuulizia mganga mmoja dawa ya tumbo langu, tayari katoa na hela.

Mzee wa Maarra aliikataa riziki asiyoihitaji. Mimi nitawezaje kuipokea dawa ile?